Mizani Juu ya Kaunta

Mteja aliyeingia baa mjini Dawson, huko Yukon nchini Kanada, mwaka 1898 hakutoa noti wala sarafu. Alitoa mfuko wa ngozi uliofungwa kamba, akamtupia mhudumu, kisha akageukia upande wa pili. Kukodolea macho mizani wakati vumbi lako la dhahabu linapimwa kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kumwita mwenye nyumba mwizi mbele ya watu. Mhudumu alifungua kamba, akamimina vumbi kidogo kwenye kisahani, akakata bei ya kinywaji na kuurudisha mfuko. Hapo ndipo mchimbaji alipogeuka kuchukua glasi yake.

Adabu hiyo ilimgharimu. Glasi ya wiski iliuzwa senti 50, na vumbi la dhahabu lilipokewa kwa dola 16 kwa wakia. Ukipiga hesabu, kila glasi ni karibu gramu moja ya dhahabu, na kwa kipimo kidogo hivyo punje chache tu zinatosha kumneemesha mtu. Mhudumu aliyefuga kucha ndefu, au aliyekuwa na vidole vyenye majimaji ya bia, alibaki na chochote kila alipogusa kisahani. Walikuwapo waliopitisha vidole kwenye nywele zilizopakwa mafuta, kisha wakifika kwao usiku wakazioshea nywele hizo kwenye karai kama mchanga wa mtoni. Chini ya mizani palitandikwa kipande cha zulia, na sakafuni palimwagwa unga wa mbao. Baadaye zulia lilichomwa ili dhahabu ibaki kwenye majivu, na unga wa mbao ukaoshwa. Wachimbaji nao hawakuwa malaika. Vumbi la kulipia baa mara nyingi lilikuwa na mchanga mweusi mwingi kuliko lile lililofichwa chini ya godoro, na hata likiwa safi halikufikia dola 16 kwa thamani yake halisi. Wizi ulikwenda pande zote mbili hadi ukawa sehemu ya bei.

Anayetaka kuielewa miji ya namna hii aanzie kwenye mizani hiyo. Chupa, kinanda na bastola tumeshavitazama vya kutosha kwenye sinema. Kwa maoni yangu baa ya mji wa dhahabu ilikuwa kwanza taasisi ya fedha, na ulevi ulikuwa njia yake ya kutoza ada. Mambo mengine yote tunayoyahusisha nayo, kamari, wanawake wa densi, ugomvi, hata mioto iliyoteketeza mitaa, yanaeleweka vizuri zaidi ukiyatazama kutokea hapo.

Habari yenyewe ya dhahabu ya Klondike, iliyouzaa mji wa Dawson, ilithibitishwa kwenye mizani ya baa. Agosti 1896 George Carmack, akiwa na ndugu wa mke wake, Keish ambaye wazungu walimwita Skookum Jim, na Káa Goox aliyejulikana kama Dawson Charlie, waliona dhahabu kwenye kijito ambacho muda si mrefu kiliitwa Bonanza. Carmack alishuka na mto Yukon hadi kambi ya Forty Mile kuandikisha eneo lake, na kituo chake cha kwanza kilikuwa baa ya Bill McPhee. Alipotangaza alichokipata, watu walicheka. Carmack alikuwa na sifa ya kutia chumvi. Basi akatoa ganda la risasi alilokuwa amelijaza dhahabu, akalimimina juu ya kisahani. Wazee wa kambi wakainama kutazama. Mchimbaji mzoefu wa Yukon alitambua dhahabu ya kila kijito kwa rangi na umbo la punje zake, na hii hawakuwahi kuiona. Muda mfupi baadaye Forty Mile ilianza kubaki tupu, kila mwenye mtumbwi akipanda mto.

Nyuma ya kaunta ya McPhee alikuwapo kijana kutoka California, Clarence Berry, aliyekuwa amekwama Forty Mile bila fedha akawa anauza vinywaji. McPhee alimpa chakula na vifaa kwa mkopo, naye akaondoka. Katika miezi iliyofuata Berry alipata maeneo kwenye vijito vya Bonanza na Eldorado, akawa mmoja wa watu wachache waliotoka Klondike wakiwa matajiri na wakabaki hivyo. Mwaka 1906 baa ya McPhee, ambaye sasa alikuwa Fairbanks huko Alaska, iliteketea kwa moto. Berry alimpelekea simu ya maandishi kutoka California: achukue kwenye akaunti yake kiasi chochote anachohitaji kuanza upya. Ninakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha biashara iliyokuwa ikiendelea kweli pale kaunta. McPhee alikuwa mkopeshaji, na rehani aliyoipokea ilikuwa tabia ya mtu.

Mkopo haukuwa hisani. Ulilazimishwa na ardhi. Udongo wa Klondike umeganda mwaka mzima, na dhahabu iko chini kabisa, juu ya mwamba. Mchimbaji aliwasha moto wa kuni usiku ili uyeyushe udongo, asubuhi akachimba ule uliolainika, akautoa juu kwa ndoo na kigurudumu cha mkono, kisha jioni akawasha moto tena. Aliendelea hivyo tangu vuli hadi mwisho wa baridi, huku rundo la kokoto likikua nje ya shimo. Kuosha kulisubiri maji yatiririke, Mei au Juni. Ukiacha karai moja moja ya kupimia, iliyooshwa kibandani kwa barafu iliyoyeyushwa, mchimbaji alikaa zaidi ya nusu mwaka juu ya mali asiyoweza kuitumia. Lazima ale, avae, na anunue mishumaa na misumari. Mwenye duka na mwenye baa walikuwa na bidhaa na walikuwa tayari kungoja. Kiangazi kilipofika, dhahabu ilishuka kutoka vijitoni kwa mkupuo mmoja, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya watu wengine kabla haijafika mjini.

Joe Ladue alilielewa hili mapema. Wengine walipokimbilia Bonanza yeye alipima ekari 160 za kinamasi kwenye makutano ya mito Klondike na Yukon, akaleta mashine yake ya kupasulia mbao, akaanza kuuza viwanja. Nyumba yake ya magogo ilikuwa pia baa. Viwanja alivyoviuza kwa dola chache mwishoni mwa 1896 vilifika maelfu ya dola miaka miwili baadaye. Mji wenyewe aliupa jina la George Dawson, mtaalamu wa jiolojia wa Kanada.

Meli zilizobeba dhahabu ziliingia San Francisco na Seattle Julai 1897, na inakadiriwa watu 100,000 walianza safari ya kwenda kaskazini. Wengi walirudia njiani. Polisi wa Kanada pale mlima Chilkoot walimtaka kila mtu awe na chakula na vifaa vya karibu mwaka mzima, uzito wa takriban tani moja, ambao aliupandisha mgongoni kidogo kidogo. Kati ya watu 30,000 na 40,000 ndio waliofika, na wakakuta vijito vyote vizuri vimeshachukuliwa na waliokuwapo Yukon tangu 1896. Sinema hukiruka kipengele hiki. Umati uliojaza baa za Dawson kiangazi cha 1898 haukuwa umati wa matajiri wa ghafla. Wengi wao walikuwa makarani, wakulima na wauza duka waliouza kila kitu kwao, wakavuka milima, na sasa hawana pa kuchimba. Walipanda na kushuka barabara ya Front Street yenye matope yaliyofika magotini, bila shughuli.

Kwa mtu kama huyo baa ilikuwa chumba pekee chenye jiko la moto, taa na viti ambacho hakuhitaji kukipanga. Hema lake lilikuwa na baridi na mwenzake aliyemchoka. Magomvi ya washirika yalikuwa mengi kiasi kwamba watu waliotengana walifikia hatua ya kukata mashua kwa msumeno katikati, kila mmoja achukue nusu isiyofaa kitu. Baa ilimwondoa kwenye hema hilo. Alisimama karibu na jiko, akasikiliza nani anatafuta vibarua kwenye vijito vya Hunker au Dominion kwa dola 15 kwa siku, akauliza barua za mtu wa kwao. Mwenye baa mwenye moyo alimwachia alale kwenye benchi baada ya saa za biashara. Kila mtu alikuwa na njaa ya habari. Gazeti moja la Seattle lililoingia mjini mwaka 1898 likiwa limelowa mafuta ya nyama, lenye habari za ushindi wa jeshi la majini la Marekani huko Manila, inasimuliwa kwamba liliuzwa dola 50, na aliyelinunua akakodi ukumbi akamweka mtu wa kulisoma kwa sauti, kiingilio dola moja. Alipata faida.

Chakula kilikuwa maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, na mkate wa chachu iliyotunzwa isigande, wakati mwingine kwa kulala nayo. Yai moja lilifika dola moja. Kiseyeye kililegeza meno. Jack London, aliyekaa huko majira ya baridi ya 1897 na 1898, aliondoka nacho, bila dhahabu ya maana lakini na mzigo wa hadithi. Kiangazi kilileta homa ya matumbo, kwa sababu mji ulijengwa juu ya kinamasi na vyoo vilikuwa popote. Padri William Judge, Mjesuti, aliendesha hospitali ya Mtakatifu Maria hadi alipofariki Januari 1899. Sehemu ya fedha za kutibu wagonjwa ilitoka baa, kwa njia nitakayoieleza punde.

Ukumbi wa densi ulikuwa chumba cha nyuma cha biashara ileile. Densi moja iligharimu dola moja. Muziki ulipigwa dakika chache tu ukakatishwa, na jozi zikaongozwa moja kwa moja hadi kaunta. Mwanamke alipewa kipande cha kuhesabia kwa kila densi na kwa kila kinywaji alichonunuliwa, na alfajiri akavipeleka kwa mwenye nyumba apewe mgao wake. Kwa mwanaume, dola moja ilimpa mtu wa kumshika mkono na kumwita kwa jina, katika mji ambao wanawake walikuwa wachache sana. Ukimtazama mwanamke mwenyewe, alikuwa kibarua anayelipwa kwa kipande, aliyesimama kwa viatu vyembamba hadi asubuhi, na kazi yake halisi ilikuwa kuupeleka mfuko wa ngozi kwenye mizani. Kuna waandishi wanaowapamba wanawake hawa kama malkia, na wengine wanaowahurumia kana kwamba hawakuwa na akili. Wote hao hawajasoma mahesabu yao. Kibarua wa shimoni na mcheza densi walikuwa wakiuza miili yao kwa saa, na mcheza densi alilipwa mwaka mzima.

Mwanamke aliyeyaelewa mahesabu hayo kuliko wote alikuwa Belinda Mulrooney, mzaliwa wa Ireland. Alifika Dawson mwaka 1897 na shehena ya vitambaa na chupa za mpira za maji ya moto, akaviuza kwa faida kubwa, akafungua mgahawa. Kisha akafanya jambo lililoonekana la kipuuzi: akajenga hoteli ya magogo, yenye baa, nje kabisa ya mji, mahali Bonanza na Eldorado vinapokutana. Huko hakungoja dhahabu ishuke mjini na kupita mikono mingine. Aliipokea ikiwa bado na unyevu, na alisikia kabla ya wengine ni shimo lipi limefika kwenye kokoto nzuri, akanunua hisa. Hoteli yake ya mjini, Fairview, ilifunguliwa Julai 1898.

Si Klondike tu iliyoendeshwa hivi. Mwaka 1849, alipotembelea San Francisco wakati wa mbio za dhahabu za California, mwandishi wa habari Bayard Taylor alikuta hema la turubai kando ya uwanja mkuu, jina lake El Dorado, likipangishwa kwa dola 40,000 kwa mwaka. Wapangaji walikuwa wacheza kamari. Jengo la jirani, Parker House, lililipiwa dola 110,000, na zaidi ya nusu ilitoka kwa wacheza kamari wa ghorofa ya juu. Hakuna mtu anayelipa kodi hiyo kwa ajili ya kuuza vileo. Analipa kwa sababu amesimama mahali ambapo dhahabu ya wilaya nzima inabadilisha mikono, naye ana meza katikati ya njia.

Sasa swali ambalo wasomaji wa hadithi za Magharibi huwa nalo: bastola ziko wapi? Jibu linategemea uko upande gani wa mpaka. Skagway, bandari ya Alaska ambayo wasafiri wengi walishukia, ilikuwa mikononi mwa Jefferson Smith, maarufu kama Soapy, aliyeendesha genge lake kutoka baa yake mwenyewe. Alimwibia mtu anayeingia na anayetoka hadi tarehe 8 Julai 1898, alipouawa gatini kwa risasi. Frank Reid, aliyepambana naye, alikufa baadaye kwa majeraha. Dawson, kilomita mia kadhaa kaskazini, ilikuwa na watu walewale, kiu ileile na dhahabu nyingi zaidi, lakini kubeba bastola mjini kulikatazwa na mauaji yalikuwa nadra. Sam Steele, kamanda wa polisi, hakujaribu kuzuia kamari wala ulevi. Alivipangia ratiba. Jumamosi ikikaribia saa sita usiku, baa na kumbi zote zilifungwa, na hazikufunguliwa hadi saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Sabato ilishikwa hadi mtu kukamatwa kwa kuvua samaki au kukata kuni zake mwenyewe. Baadhi ya kumbi ziligeuka mahali pa ibada Jumapili asubuhi, na jioni zikaandaa “matamasha matakatifu” ambayo utakatifu wake ulikuwa wa mashaka.

Adhabu nazo zilikuwa za watu wenye akili. Mkosaji alifukuzwa mjini, au alitozwa faini, au alipelekwa kwenye rundo la magogo la polisi apasue kuni za kupashia joto ofisi za serikali. Kwa baridi ile mtu alipasua kuni akakumbuka. Faini na ada za leseni za vileo zilisaidia kuhudumia wagonjwa. Leseni hizo zilikuwa na fedha nyingi kiasi cha kuchora ramani: serikali ya North-West Territories ilipomtuma mtu wake Dawson kukusanya ada ya vileo, serikali kuu huko Ottawa ilikataa, na Juni 1898 Yukon ikatengwa kuwa eneo linalojitegemea. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini kaunta ilikuwa miongoni mwake.

Kuna watu ambao kaunta hiyo haikuwahusu kisheria, kwa kuwa wenyeji wa asili walikatazwa kuuziwa pombe, lakini wao ndio walioilipia zaidi. Watu wa Tr'ondëk Hwëch'in walikuwa na kambi yao ya kuvulia samaki, Tr'ochëk, kwenye mdomo wa mto Klondike, mkabala na viwanja vya Ladue. Chifu Isaac aliona mambo yanakoelekea, akawahamishia Moosehide, kilomita chache chini ya mto. Nyimbo na ngoma za watu wake alizikabidhi kwa jamaa zao wa Alaska wazitunze. Mahali pa kambi paliota vibanda na magenge ya pombe, na baadaye mamlaka ya Dawson ikawasukumia huko makahaba iliotaka kuwaondoa mjini. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika Tr'ondëk-Klondike kwenye orodha ya urithi wa dunia, na sababu iliyotangulizwa ni maisha ya wenyeji hawa chini ya ukoloni. Kwa maoni yangu ilichelewa, lakini ilipanga vitu kwa mpangilio sahihi.

Kilichoimaliza baa ya zamani hakikuwa mahubiri. Mwaka 1898 ziliwasili benki mbili, Bank of British North America na Canadian Bank of Commerce, zikafanya kazi mwanzoni katika mabanda na mahema yasiyotofautiana na ya jirani. Zilikuwa na mizani bora, mtu wa kupima ubora wa dhahabu, na noti. Noti haina mchanga mweusi ndani yake, na hakuna kucha inayoweza kuipunguza. Kila mchimbaji aliyeingia benki kwanza na baa baadaye aliifuta faida ya chini ya zulia. Aprili 1899 moto uliteketeza majengo 117 ya katikati ya mji. Maji yaliganda ndani ya mipira, na chumba cha hazina cha Bank of British North America kilipasuka, dhahabu iliyokuwamo ikayeyuka ikachanganyika na majivu. Wenye baa walijenga upya, safari hii kwa mbao zilizorandwa na madirisha ya vioo, lakini wateja walikuwa wanaondoka. Kiangazi cha mwaka huo habari za dhahabu ya Nome, pwani ya Alaska, ziliwavuta maelfu kwa wiki chache. Kufikia 1901 serikali ilikuwa imeifunga kamari ya wazi.

Waliojifunza kazi kwenye kumbi zile waliichukua wakaenda nayo. Alexander Pantages, mhudumu wa Dawson, alianzisha mlolongo wa kumbi za maonyesho Marekani. Tex Rickard, mchezeshaji kamari, alihamia Nome, na hatimaye akajenga Madison Square Garden ya 1925 huko New York. Friedrich Trump, babu wa rais wa Marekani, aliuza chakula na vileo Bennett na Whitehorse bila kugusa koleo, akauza sehemu yake mwaka 1901 akarudi Ujerumani na akiba yake.

Na baa ile ya hadithi, yenye kinanda, mgeni wa ajabu na taa zinazozimwa kabla ya risasi, iliandikwa na mfanyakazi wa benki. Robert Service alikuwa karani wa Canadian Bank of Commerce huko Whitehorse alipotunga shairi la Dan McGrew, lililochapishwa mwaka 1907. Alikuwa hajaishi Dawson. Benki ilimhamishia huko mwaka 1908, miaka 9 baada ya umati kuondoka, akakuta mji wa nyumba tupu na wazee waliomthibitishia kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Leo Dawson ina ukumbi wa kamari wenye leseni, Diamond Tooth Gerties, uliofunguliwa mwaka 1971, wenye wacheza densi wa kuinua sketi na meza za karata. Unamilikiwa na chama cha utalii kisicho cha faida, na mapato yake yanakwenda kwenye shughuli za mji.